Fimbo Ikilala Mezani

Nilikuwa mtumishi wa serikali maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo niliimaliza masijala, mahali ambapo jalada likiwekwa kwenye rafu isiyo yake ni sawa na kuchomwa moto. Natanguliza hilo ili msomaji aelewe kwa nini mambo ya meza moja ya pool, katika uwanja wa nyuma wa baa moja ya Ngamiani, yananikosesha raha wakati watu wa rika langu wanakoseshwa raha na sukari na presha. Nimewasikia wakisema, "Mzee yule naye! Mchezo tu ule." Haukuwa mchezo tu. Pale palikuwa na sheria, na sheria zile ndizo za mwisho katika mji huu nilizoziona zikifuatwa na watu bila ya kutishwa na mtu.

Nizieleze zilivyokuwa, maana sasa kila mtu anazieleza atakavyo. Mwenye kutaka kucheza aliweka sarafu yake juu ya ukingo wa meza, nyuma ya zile zilizotangulia, na hakuna aliyeigusa sarafu ya mwenzake hata kama mwenyewe amekwenda kuswali. Mshindi alibaki. Aliyeshindwa aliipanga mipira kwa ajili ya anayefuata, kisha akakaa. Mtu akiinama kupiga, hukupita mbele ya macho yake. Mpira mweupe ukitumbukia, mpinzani alipata kupiga mara mbili. Mpira mweusi, ambao ndio wa kumalizia, haukupigwa mpaka mpigaji aonyeshe shimo analolikusudia. Na kwa kuwa muziki wa baa ile haukupata kupunguzwa kwa ajili ya mtu yeyote, shimo halikutajwa kwa mdomo. Uliliendea, ukaweka kiganja juu yake, watu wote wakaona.

Kubwa kuliko yote ni hili: fimbo haikutoka mkononi mwako mpaka zamu yako iishe. Ukiilaza juu ya meza, maana yake umekubali kushindwa. Hapo unamfuata mwenzako, unampa mkono, naye anaupokea. Mkono ule ndio uliofunga mchezo. Nimeona watu waliotoka kutukaniana mama zao wakipeana mkono ule na kurudi kukaa benchi moja.

Aliyenifundisha yote haya alikuwa rafiki yangu, Mdigo wa kule Moa, aliyestaafu bandarini mwaka ule ule niliostaafu mimi. Mimi ni Mbondei na mtu wa kanisani. Yeye hakupata kuonja pombe hata siku moja. Alikuja pale baada ya swala ya alasiri, akaagiza soda ya tangawizi, na wahudumu walijua kutoiweka karibu na chupa yangu. Tuliitana mtani, na utani wenyewe haukuwa na huruma.

"Mbondei, hiyo ni fimbo, si jembe la mihogo."

"Na wewe unachokoa kama unatoa pweza kwenye jabali."

"Pweza wangu anatoka. Wewe muhogo wako umeozea shambani."

Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda, na kila mara alinipa mkono kwa uzito ule ule, kama mtu anayekabidhi ofisi.

Kisha kiharusi kikampata. Kilimwachia akili yake yote, ulimi wake wote na mguu unaoburuta kidogo, lakini kilimchukulia mkono wa kushoto. Asiyecheza pool hatalielewa hilo mara moja. Mkono wa kulia husukuma fimbo, na wa kushoto ndio unaoiongoza. Vidole vyake hukaa juu ya meza na kuwa daraja ambalo fimbo hupita juu yake. Tulidhani amekwisha. Baada ya miezi mingi alitokea tena mlangoni pale, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kwa namna iliyoonyesha kwamba si yeye aliyevifunga, akaweka sarafu yake ukingoni, akakaa kusubiri.

Zamu yake ilipofika, aliunyanyua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya meza kama anayeweka kifurushi, akapitisha fimbo juu yake. Alishindwa vibaya. Akaipanga mipira kwa mkono mmoja, mmoja mmoja, na sisi wote tukasubiri. Hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia, kwa sababu aliyeshindwa ndiye anayepanga. Nilimtazama usoni nikaona furaha ambayo sikuiona hata siku ya arusi ya binti yake.

Alinieleza baadaye, tukitembea kurudi kwake.

"Mtani, nyumbani mke wangu ananikatia nyama kama mtoto. Chai napozewa. Wanangu wakija wanasema nami kwa sauti kubwa, utadhani ni masikio yaliyopooza. Pale ndipo mahali pekee paliponibakia ambapo mtu akiniweza, ananishinda."

Nikalielewa neno lile, na tangu siku hiyo nilijitwika kazi ya kuhakikisha kwamba halivurugwi. Alijifunza upya. Mpira mweusi ndio uliomsumbua, kwa kuwa ilimpasa kugusa shimo bila ya kuilaza fimbo, naye alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia yote mawili. Alipata njia: aliibana fimbo kwapani, kwapa la mkono mzima, akanyoosha kiganja na kuligusa shimo, kisha akairudisha fimbo mkononi. Ilikuwa taabu kuitazama. Ilikuwa halali.

Wachezaji wa rika letu walipungua, kama ilivyo kawaida ya watu wa rika letu kupungua. Mahali pao pakachukuliwa na vijana wa bodaboda wenye kijiwe upande wa pili wa barabara. Siwezi kuwasingizia ubaya. Hawakuwa wahuni. Walituamkia mmoja mmoja, walituachia viti vyenye migongo, na mmoja wao, aliyewazidi wenzake umri kidogo, anayepeleka abiria mpaka Horohoro, alikuwa na mkono mzuri wa pool kuliko wowote niliopata kuuona. Rafiki yangu alimpenda. Kila mara alitaka kucheza naye.

Alasiri ninayoisimulia walikuwa wakicheza wao wawili, nasi tumejaa kwenye mabenchi. Rafiki yangu alikuwa amecheza vizuri mno. Juu ya meza ilibaki mipira mitatu: ule mweusi, mmoja wa yule kijana, na ule mweupe. Zamu ilikuwa ya rafiki yangu. Akazunguka meza, akaibana fimbo kwapani, akainama kuligusa shimo la pembeni. Kwapa likalegea. Fimbo ikaanguka juu ya meza, ikabingirika kidogo, ikatulia. Haikugusa mpira wowote.

Watu wakanigeukia. Kisha mmoja akasema, "Mzee wa sheria, sema wewe." Mzee wa sheria ni mimi, ndivyo walivyokuwa wakiniita, na nilikuwa mjinga wa kudhani wananiheshimu.

Nilimtazama rafiki yangu. Alinitazama bila ya kupepesa. Nikasema, "Fimbo imelala mezani. Mchezo umekwisha. Kijana ameshinda."

Kelele zilizozuka hapo sijapata kuzisikia hata kwenye mikutano ya kudai posho.

"Aa, mzee! Huna hata utu?"

"Imemponyoka hiyo, hakuiweka!"

"Mtu mgonjwa huyu, jamani! Mnamfanyia sheria mgonjwa?"

Neno mgonjwa liliingia masikioni mwake, niliona lilivyoingia. Lakini alijizuia. Aliiacha fimbo palepale ilipolala, akavuta mguu wake mpaka mbele ya yule kijana, akanyoosha mkono wa kulia.

"Umenishinda, bwana," akasema. Hakusema mwanangu. Alisema bwana.

Kijana akarudi nyuma hatua moja, mikono ameiinua juu, anatabasamu kwa upole wote aliojaliwa. "Hapana, babu. Mimi siwezi kukushinda hivyo. Wewe piga tu."

"Nipe mkono."

"Babu, piga tu, hamna shida. Hata ukikosa, rudia." Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliuchukua mpira mweusi kwa vidole vyake, akausogeza mpaka mdomoni mwa shimo, mahali ambapo hata upepo ungeutumbukiza. Watu wakampigia makofi. Mhudumu naye akapiga makofi, sinia kwapani.

Na mkono wa rafiki yangu ulikuwa bado umenyooka hewani, haujapokewa.

Niliinuka nikawaambia nilichokuwa nacho. Niliwaambia kwamba mtu amekubali kushindwa kwake kwa heshima na wao wamemnyang'anya. Niliwauliza ni nani aliyewapa mamlaka ya kumsamehe mtu ambaye hakuomba msamaha. Mmoja akanijibu kwa sauti ya kumbembeleza mlevi, "Sawa mzee wetu, sawa, kaa unywe kinywaji chako." Nilipogeuka, rafiki yangu alikuwa ameshafika mlangoni.

Tangu siku ile hakukanyaga pale. Na wale, kwa wema wao ule ule, wakatangaza kwamba kuanzia sasa wazee wacheze watakavyo: wasisubiri zamu, wasiguse shimo, wakikosa warudie. Waliniambia habari hiyo kana kwamba wananipa zawadi. Mara moja nilijaribu. Nilikosa mpira wa wazi kabisa, na kijana niliyecheza naye akasema, "Vizuri sana, mzee!" Nikavaa kofia yangu nikaondoka.

Nilikwenda kwa rafiki yangu, nikamkuta barazani. Nikamsihi arudi.

"Nirudi nikafanye nini, mtani? Pale hakuna tena wa kunishinda."

"Nitakushinda mimi."

"Wewe?" Akacheka kidogo, na nilishukuru kukisikia kicheko kile. "Wewe huwezi. Hata kwa mikono yako yote miwili." Kisha kicheko kikamwisha. "Yule angeupokea tu mkono wangu. Basi."

Nikaona kwamba hilo linaweza kurekebishwa. Nimerekebisha makosa makubwa zaidi ya hilo katika utumishi wangu. Kesho yake nilimfuata yule kijana kijiweni kwake, amekaa juu ya pikipiki anafuta kioo, nikamweleza taratibu, kama ninavyoeleza hapa: aende nyumbani kwa mzee, ampe mkono wa mshindi, aseme tu kwamba alimshinda.

Alinisikiliza kwa makini. "Lakini mzee, mimi nilimheshimu."

"Najua."

"Nikimwambia nimemshinda, si nitakuwa namsimanga? Mtu na maradhi yake?"

"Anakungoja umwambie."

Alifikiri, akakubali. "Basi nitakwenda, mzee. Kwa ajili yenu." Nilirudi nyumbani nikiwa na matumaini, jambo ambalo kwa umri wangu ningepaswa kuwa nimeliacha.

Alikuja Ijumaa, nami nikiwapo kwa makusudi. Alikuwa ameoga, amevaa kanzu, na mkononi ana mfuko wa machungwa ya Muheza. Alivua viatu chini ya baraza. Rafiki yangu alimwona, akajiweka sawa kitini, akakaza mgongo, na kabla kijana hajafika akawa ameshanyoosha mkono wake wa kulia, imara kabisa, wa mchezaji anayeinuka mezani.

Kijana akaweka machungwa chini. Akapiga goti moja. Akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akauinamia mpaka paji la uso likaribie kuugusa, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa, "Shikamoo, babu. Pole sana. Mungu atakupa nafuu."

Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua. Rafiki yangu alinitazama juu ya kichwa cha yule kijana, akanitikisia kichwa kidogo sana kwamba niache. Mgongo wake ulirudi taratibu kwenye kiti. Mkono wake aliuacha mumo humo, katikati ya mikono ile miwili ya watu wema, ukalegea, mpaka sikuweza tena kuutofautisha na ule wake wa kushoto.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Marahaba."