Tulifunga turubai Kilole kuokoa nyumba ya jirani, ndugu zake wakaja kumzika

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wale wazee wa "hii chai" vuteni kiti kwanza, haya nimeyaona kwa macho yangu hapa Kilole, Korogwe. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi ni fundi makochi. Pia ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Ukifiwa, tunakuja na turubai, viti, masufuria na mchango. Kazi yetu ni hiyo tu, na kwa hilo hatuna mpinzani.

Sasa kuna jirani yangu, nimwite Mama Zubeda. Mjane, analea wajukuu. Alichukua mkopo benki, dhamana ikawa nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Akaenda kwao Mazingara, kule Handeni, akanunua mahindi akayaweka stoo asubiri bei ipande.

Bei ikapanda kweli. Siku anafungua magunia auze, dumuzi wameshamaliza kazi. Unga mtupu.

Hakumwambia mtu.

Hapa niseme kitu. Mtaani kwetu ukiumwa tunajua, ukigombana na mkeo tunajua, hata ukipika nyama tunajua. Ila deni la benki mtu analala nalo peke yake. Aibu.

Tulijua siku dalali alipokuja kubandika tangazo la mnada ukutani, watoto wakawa wanalisoma kwa sauti. Mama Zubeda akazima simu, akajifungia. Mimi na mke wangu tuligonga weee. Alipofungua alisema tu, "Baba Imani, hawa watoto nitawapeleka wapi?"

Roho iliniuma sana wakuu.

Nikaitisha kikao cha kikundi. Mwenyekiti wetu, mzee wa Kishambaa, mpenda utaratibu balaa, akanikata palepale. "Katibu, katiba inasema mchango ni wa msiba. Nani amekufa?"

Nilipandwa na hasira. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini huyu mama akitolewa kwake akafia kwenye chumba cha kupanga, sisi hawahawa tutakuja kumpikia pilau. Leo yuko hai tunamsomea katiba?"

Mama mmoja kule nyuma akasema, "Jamani, kwa hiyo tunamsubiri afe?"

Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema haya, tukutane Jumamosi nyumbani kwa Mama Zubeda, kila mtu aje na alichonacho.

Jua la Korogwe mnalijua. Ijumaa jioni vijana wakafunga turubai la kikundi mbele ya nyumba na kupanga viti. Kina mama wakaleta masufuria.

Na hapo ndipo tulipochemka. Turubai lile mji mzima unalijua kwa kazi moja tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo.

Kuna mtu wa Mazingara alikuwa mjini kununua mbegu. Akapita, akaliona, akapiga simu kijijini: dada yetu wa Kilole hatunaye. Wakampigia Mama Zubeda, simu imezimwa. Basi, wakaamini.

Jumamosi tumekaa, mchango unaendelea, Fuso ikasimama. Wanawake wakashuka wanaangua kilio, mikono kichwani. Nyuma kuna mahindi, kuku, na beberu mmoja mkubwa. Kaka yake mkubwa, Mzee Mhina, akanijia moja kwa moja, akanishika mkono. "Poleni. Aliugua nini?"

Nikabaki nimetoa macho. Kabla sijajibu, Mama Zubeda akatokea jikoni na sinia la vikombe. "Shikamoo kaka."

Mzee wa watu alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Shangazi mmoja alitimua mbio mpaka barabarani, kiatu kimoja kikabaki. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na wengine walikuwa bado wanalia.

"Nimelia kutoka Mazingara mpaka hapa," mzee akasema, "kumbe unapika chai!"

Alipoelezwa, kicheko kikamwisha. Akamwambia dada yake, "Kwa hiyo ungekufa ndiyo ningeambiwa una shida?" Mama Zubeda aliweka sinia chini akalia. Mimi mwenyewe niligeukia ukutani nikajifanya naangalia kamba ya turubai.

Rambirambi waliyokuja nayo hakuna aliyeirudisha mfukoni. Mzee Mhina akasema beberu asichinjwe, auzwe. Mwenyekiti wetu ndiye aliyemtafutia mnunuzi.

Jumatatu tukaongozana na Mama Zubeda benki. Tusidanganyane, deni halikwisha. Tulilipa malimbikizo, meneja akakubali kupanga upya marejesho, mnada ukasitishwa. Tangazo nililibandua mwenyewe kwa kisu changu cha kazi. Raha niliyoisikia siwezi kuielezea.

Jioni Mama Zubeda akaniambia, "Nimeuona msiba wangu, Baba Imani. Kumbe nina watu."

Mwezi uliofuata tukabadilisha katiba, mchango uwe pia kwa aliye hai. Mwenyekiti akauliza kama kuna lingine kabla hatujafunga kikao. Jamaa mmoja mpole, sijawahi kumsikia akichangia hoja, akanyoosha mkono. "Na mimi nyumba yangu iko benki." Mke wake alikuwa pembeni yake, akageuka kumwangalia. Hata yeye alikuwa hajui.

Halafu ukanyooka mkono mwingine. Na mwingine.

Wakuu, nilichojifunza: ukikwama, sema mapema, nenda benki kabla dalali hajaja kwako, na watu wako wajue. Tulikuwa tunazikana vizuri tu, kumbe hatujuani.

Je, kama na wewe unalo lako, kuna hata mtu mmoja anajua? Huna haja ya kutaja jina, andika tu hapo chini. Nipo, nasoma.