Yusufu Alichora, Mimi Nikanyamaza

Nakumbuka siku moja, baada ya alasiri, tulikaa mkekani nyumbani kwetu Buyenzi. Alikuwepo Baba mkubwa Haruna, kaka wa marehemu baba yetu. Alikuwepo mama yetu, Bi Asha. Alikuwepo jirani yetu Saidi, fundi wa magari, na mdogo wake Ramadhani, mchumba wangu mimi Mwajuma. Katikati alikaa mdogo wangu Yusufu, kitabu chake kimewekwa mbele yake kama kitu cha wizi.

Mjomba wako Yusufu, mwanangu, alikuwa akichora hadithi za picha. Maneno aliyatunga mwenyewe, akapiga fotokopi, mi nikamshonea kurasa kwa sindano. Shule niliishia darasa la tatu, lakini picha zake hazikungoja mtu ajue kusoma.

Kitabu kile kilimhusu mama yake Saidi, Bi Mariamu. Alipougua, Saidi hakumjali. Nyumba moja, na mzee analala njaa. Mimi ndiye niliyempitishia uji kwa mlango wa uani. Alipokufa, Saidi akachinja ng'ombe wa matanga, mtaa mzima tukala hadi tukalegea. Hayo nilimsimulia Yusufu huku nashona, naye akayachora: ukurasa huu bibi mwenye mapengo anaramba bakuli, ukurasa wa pili watu wanang'ang'ania nyama. Mtaa ulicheka kwanza. Kisha ukaona haya, na haya ikageuka hasira.

Saidi akataka Yusufu aseme habari hizo kazitoa wapi. Mama akamsihi aombe radhi yaishe. Yusufu akakataa, akasema ni kweli tupu.

"Uliona kwa macho yako?" akauliza Saidi.

"Apana. Niliambiwa."

"Na nani?"

Alinitazama mara moja tu. Mi nikatazama mkeka. Harusi yangu ilikuwa imekaribia, na aliyekuwa anioe amekaa pale pale na kaka yake.

"Nimesahau," Yusufu akasema.

Ramadhani akacheka. "Mapengo ya mama anayakumbuka yote, mutu aliyemwambia ndiyo amemusahau."

Basi akaitwa muongo, na vitabu vikachomwa uani. Watu walipoanza kutoka, Baba mkubwa aliniita kando, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwajuma, mi nilikuwa nakuona na bakuli lile kila asubuhi."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Mi niliitwa kuamua, ushahidi ulikuwa wako. Ndugu yako amekusitiri, we umemuacha uchi. Nenda kaseme, hawajafika mbali."

Sikwenda, mwanangu.

Yusufu akavuka mpaka kwenda Uvira, akachora huko, baadaye magazeti yakamtafuta. Alichora wakubwa, alichora mashehe na mapadri. Huyu anamsifu, yule anamfukuza. Kiriri, mtaa wa matajiri, walitundika picha zake ukutani. Hapa Buyenzi aliendelea kuwa yule muongo aliyemchafua Saidi. Alipokuja kumzika mama, watu walimpa mkono wakitazama pembeni. Hata siku hiyo sikusema.

Niliolewa, nikazaa. Ramadhani hakuwa mume mbaya. Nyama ya Saidi nimekula Idi nyingi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mnyamavu ni ndefu. Nimeitembea mpaka nimechoka. Sasa Saidi amekwenda, Ramadhani amekwenda, na Yusufu amezikwa ugenini na jina lile lile.

Mwanangu, ukimpa mtu neno akalibeba mbele za watu, siku akiulizwa simama karibu naye. Usingoje harusi ipite, wala mazishi yaishe, mi nilingoja. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Na anayechora au kuandika yanayouma, kabla hujamwita muongo, tafuta aliyemsimulia. Pengine amekaa hapo hapo, macho chini.

Mungu akupe ulimi usiochelewa, akulindie ndugu zako, amrehemu Yusufu wangu. Nanyi wa Buyenzi mliobaki, kama jina la mtu nimelikosea, nisahihisheni. Ila uji niliupeleka mimi, na hilo la kunyamaza sikulikosea.