Muzee wa Danemark niliyemuzania wa maji

Mutanicheka, mais heri niseme mwenyewe. Niko animateur wa radio hapa Butembo. Juzi directeur aliniambia: "Kesho utapokea acteur mumoja wa Danemark."

Kwetu ukisema acteur, batu banawaza acteur humanitaire, mutu wa misaada, mwenye gari nyeupe na mupango wa maji. Donc nilitangaza: "Bamama, leteni shida zenu!" Mama Kavira akatoka mupaka Mulekera, kule Beni, kuomba robinet ya maji ya quartier yake. Nikamukalisha karibu na ule acteur, muzee wa nywele nyeupe.

En direct, hewani, niliuliza kwa Français na kutafsiri kwa Swahili.

"Papa, ulianza kazi wapi?"

"Kwa théâtre ya Copenhague. Nilikuwa mulevi, nyuma padri, mwisho mufalme."

Nikawaza: Mungu alimutoa mbali huyu.

"Nyuma nikaingia mu filamu."

Za sensibilisation, za kufundisha batu usafi, nikawaza.

"Kule nilikufa mara mingi. Siku moja nilizama mu maji, bibi yangu akiangalia."

"Pole, papa! Akafanya nini?"

"Akapiga makofi."

Mama Kavira akashika kichwa. Mimi nikaomba basikilizaji basali juu ya ile ndoa.

Muzee akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mimi ninaigiza tu. Maisha yangu yote ni kuigiza. Ulinizania nani?"

Nikatafsiri kwa sauti kubwa kabla sijaelewa.

"Yesu!" Mama Kavira akasimama. "Mutoto, niliacha shamba juu ya mutu wa théâtre?"

Micro ilikuwa wazi, na Butembo yote ilisikia.