Hatifungani za Iole na Jibini la Oreste

Kila asubuhi, wakishamaliza kahawa, wastaafu wa Novellara, mji mdogo wa Italia, waliingia chumba cha nyuma cha benki, wakavua kofia na kuikodolea macho skrini ya bei za hisa na hatifungani kama watu waliokuja kutazama mpira. Mwaka ule wa 1994 Iole Bertazzoni, fundi cherehani, naye alianza kwenda.

Hakuwa na hisa hata moja. Akiba yake yote aliikopesha serikali kwa kununua hatifungani. Serikali ilimlipa riba mara mbili kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu ingemrudishia fedha zake kamili. Siku hiyo ndiyo aliyoingoja, maana mwenye chumba chake cha kushonea alikubali kumuuzia wakati huohuo. Fedha zikipungua, chumba kingekwenda kwa muuza viatu.

Aliyemvuta pale benki ni shemeji yake Nevio, mume wa dada yake, mwenye hisa za kiwanda cha vigae.

"Shemeji, kaa uone wanaume wanavyocheza. Hizo zako ni za watawa."

"Watawa wanalala, Nevio. Wewe hiyo mifuko chini ya macho inatosha kubebea viazi."

Kisha riba zikapanda nchini, na bei ya hatifungani za Iole ikaanza kuteremka kwa kila mia aliyokopesha: mia, tisini na sita, tisini na moja. Usingizi ukamruka yeye sasa. Akamkatia daktari wa mifugo suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja dirishani kwa Fulvia, karani ambaye Iole aliwahi kumshonea sare za shule.

"Niuzie zote, mwanangu, kabla hazijaisha."

Fulvia hakugusa karatasi. "Mama Iole, jibini la kaka yako Oreste liko wapi?"

"Si ghalani kwenu? Mmelishika liwe dhamana ya mkopo wake hadi likomae."

"Mtu akilitaka leo, likiwa na miezi minane tu, atatoa bei ya jibini la miaka miwili?"

"Atatoa bei ya matusi."

"Na Oreste huja kila asubuhi kuuliza leo angetukanwa kiasi gani?"

Iole akazivuta karatasi kidogo upande wake.

"Hati mpya zinalipa riba kubwa kuliko zako," Fulvia alisema, "ndiyo maana hakuna anayezitaka zako kwa bei ya zamani. Ahadi ya serikali kwako iko palepale. Usipouza, ile skrini haikuhusu."

"Na serikali isipolipa?"

"Hapo nitakuja kwako kujifunza kushona."

"Na Nevio?"

"Nevio kanunua kipande cha kiwanda. Vigae vikitoka, anakula; visipotoka, anatazama. Hisa hazina siku ya kurudishiwa chako, kwa hiyo hizo ni za mtu asiye na haraka."

Iole alirudi kwenye mkasi wake, na chumba cha bei hakikumwona tena. Miaka mitatu ilipotimia fedha zilirudi kamili. Kila kitu kilikuwa kimepanda, mkate hata chumba chenyewe, na mwenye chumba akaongeza bei. Riba alizojiwekea zikaziba pengo. Muuza viatu alikwenda kupanga kwingine.

Hisa za Nevio nazo zilizama, zikaibuka juu kidogo ya pale alipozinunulia. Mjini alisimulia kuibuka tu.

Jumamosi ya kwanza baada ya Iole kukabidhiwa chumba, Nevio alikuja na suruali mkononi.

"Nipanulie kiuno, shemeji. Soko limepanda."

Iole akamzungushia futi tumboni, akaisoma, akaisoma tena. "Soko gani, Nevio? Hii ni tambi ya dada yangu."