Paka Aliyerudishwa

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Sibishani nao, ila nadhani aliyesema hivyo hakufuga paka. Nimekulia nyumba yenye stoo ya mahindi, na stoo bila paka ni karamu ya panya, kwa hiyo nimeona paka wakizaa, wakinyonyesha, wakibeba watoto kwa meno kutoka kona hadi kona, na nimeona pia kinachofuata. Mama yangu yuko hai, Kimamba. Mimi nakaanga chapati Mikumi, kando ya barabara ya malori. Tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana afya, basi.

Nyumba ya mama ni ya matofali ya zamani ya kambi ya mkonge. Babu alikuja kukata mkonge, shamba likafa, yeye akabaki. Kwetu pale paka haombwi hivi hivi, anaposwa. Anayemtaka huja na chumvi kwenye karatasi, anaketi, anasema ameona mwali ndani ya nyumba. Mwenye paka naye anajifanya kusitasita, watu wanacheka, chumvi inapokelewa, paka anatiwa kwenye kiroba. Ni utani, lakini una sharti moja ambalo hakuna anayelitania: chumvi ikishaliwa, paka harudi. Jirani wa ng'ambo ya reli, mama wa familia ya wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa, alimposa hivyo paka wetu mdogo, jike mweupe mwenye doa jeusi mgongoni. Wadogo zangu walinisimulia kwa simu, tukacheka sana. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa Mikumi.

Niliporudi kwa mama nilikuwa na begi moja na mkono uliovimba hadi kiwiko. Sikwenda kusalimia, nilikwenda kukaa. Mume wangu alianza na makofi, akahamia kwenye mchi wa kinu, na niliapa sitalala tena nyumba ile. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akautazama mkono, akaingia ndani na kutoka na maji kwenye glasi ya maua, ile ya wageni.

"Karibu," akasema. "Umekuja kwa siku ngapi?"

Jioni akachinja kuku. Nilimla yule kuku kwa shida, maana mtoto wa nyumbani hachinjiwi kuku siku ya kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe sikupewa. Nilipolichukua mwenyewe, kwa mkono mzima, ili niende shamba na wadogo zangu wawili, mama alilitoa mkononi mwangu taratibu. "Acha, wewe pumzika." Nilijua anachokataa. Anayelima ana haki ya kukaa.

Wiki hiyohiyo wale wafugaji wakahama na ng'ombe wao. Yule mama akaja asubuhi na kiroba.

"Mama, safari ni ndefu, huyu hatafika. Nimemrudisha kwao."

"Chumvi yenu nilishakula," mama akasema.

Mwenzake aliinama. Alifungua kiroba, akamwacha paka uani, akawahi ng'ombe waliokuwa wameshaanza kutembea.

Paka alikwenda moja kwa moja stoo, nyuma ya magunia, mahali alipozaliwa. Nikamfuata, nikifurahi kwa niaba yake. Nyuma ya magunia mama yake alikuwa amelalia watoto wengine, macho yao hayajafunguka. Sijawahi kusikia sauti ile. Ilianza chini, tumboni, ikapanda, na kabla sijainama yule mkubwa alikuwa ameshamrukia mwanawe usoni. Mdogo hakupigana. Alijilaza chali, akalia kile kilio chembamba cha kitoto ambacho paka mzima hulia kwa mama yake tu. Hakikumsaidia kitu. Akatolewa mpaka uani, na kila aliporudi akatolewa tena.

Afisa mifugo wa kata alipopita na pikipiki yake nilimsimamisha, nikamuuliza ni wazimu gani ule.

"Si wazimu, dada. Paka hamjui mwanawe kwa sura, anamjua kwa harufu. Huyu ananuka moshi wa zizi, ni mgeni. Halafu mkubwa ana wachanga. Paka mwenye wachanga anaona mdomo wa kuwanyang'anya tu." Akanishauri nichukue tambara walilolalia wale wachanga, nimpake nalo mdogo mwili mzima.

Nikampaka. Nilimsugua mpaka mkono mzima ukachoka. Mama alikuwa kwenye mlango wa stoo, akinitazama. Paka mkubwa alimnusa mwanawe, akatulia, akamnusa tena, na mimi nikaanza kulia kwa furaha, mtu mzima mimi. Kisha mdogo akasogea kulala karibu na wale wachanga. Mkubwa alimrarua sikio.

"Unajisumbua," mama akasema. "Harufu unaweza kumpaka. Wale wadogo utawaficha wapi?"

Nikasimama. Nina hasira za karibu, toka utotoni, na siku ile sikuzizuia. Nikamwambia, mama, sema unalotaka kusema, mimi si paka.

Akasema. Jumapili walikuwa wanakuja watu wa Kilosa kumposa mdogo wangu anayenifuata. Watu wa heshima. Wakimkuta ukumbini binti aliyerudi, amefunga mkono, watauliza, na wakishajibiwa wataaga kwa adabu na hawatarudi. "Nyumba inayorudishiwa mabinti haiposwi," akasema. "Wadogo zako wako wawili. Wewe ulishatoka."

"Na akiniua?"

Alikuwa na ungo wa mahindi mapajani. Aliupepeta muda mrefu.

"Wengi wanapigwa," akasema, "na hawafi."

Nilimchukia mama yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia, na bado nilitaka aweke ungo chini aje anishike.

Jumamosi asubuhi bodaboda aliyoiita mama, ya kunifikisha Kilosa kwenye basi, ilikuwa mlangoni kabla sijanywa chai. Wadogo zangu walijifungia chumbani, niliwasikia wakinong'ona. Mama aliufungua mkono wangu, akaufunga upya kwa kanga yake mwenyewe, vizuri, kwa nguvu inayotakiwa, akakaza fundo begani. Halafu akaingia stoo, akatoka na kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani kilikuwa kinasukasuka.

"Pita naye huyu," akasema. "Mfungulie mbali, kule karibu na Kilosa, asijue njia."

Nilikipokea. Njia nzima nilikipakata mbele yangu kwa mkono mmoja, na kupitia kitambaa niliusikia moyo wake ukienda mbio. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Mikumi nitashukia stendi, nitatafuta chumba, kwa mume sifiki. Hilo sikumwambia mama. Nilitaka aamini amenirudisha kwa yule mtu, akae na hilo.

Tulipokaribia Kilosa nikamwomba dereva asimame. Nikafungua kamba kwa meno. Paka akatoka, sikio limekauka damu, akaketi kwenye vumbi, akalamba mguu mmoja. Akainua pua. Kisha akageuka, akaanza kutembea kando ya barabara kuelekea Kimamba, bila haraka, bila kuangalia nyuma.

"Duh, sista," dereva akacheka, "huyu anarudi kwao."

Sikumzuia. Nilijua kinachomngoja nyuma ya magunia, na bado nilimwonea wivu. Yeye angepigwa tu. Hakuna ambaye angemweleza sababu.