Nilitaka kuzibua mtaro wa nyumbani tu, mtaa ukaamua nagombea wadi

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe pia nawasalimu.

Kwanza mniwie radhi kwa makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la nane, na mwandiko wangu wa mkono hata mimi mwenyewe hunishinda kuusoma, kwa hivyo shukuruni kwamba hii ni simu. Naandika kwa kidole kimoja. Nitachelewa, lakini nitakayoyasema ni kweli tupu, na mtaa mzima ni shahidi.

Mimi ni kijana wa Mji wa Kale, Mombasa. Ni mtu wa haya sana. Shikeni hapo, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Siku moja nilipita kwa kinyozi kumwita rafiki yangu Kassim tukale. Kinyozi akaniambia kaa, nikakaa. Nikanyolewa upara. Niliona haya kumwambia sikuja kunyolewa.

Kazi yangu iko Shimanzi, kwenye godauni moja ya nafaka. Nashona magunia. Likitoboka gunia la mchele au la maharagwe, nachukua shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani, naziba.

Zamani pale kila mtu alikuwa na kazi yake na macho yake. Mpakuzi akiona gunia linavuja, si kazi yake. Dereva, si kazi yake. Karani wa kuhesabu, yeye anahesabu tu, hata kinachovuja. Kuna wakati maharagwe yalimwagika mlangoni, watu wakawa wanateleza kwa zamu. Anayeanguka anainuka, anajipangusa, anaenda zake. Hakuna aliyeokota hata punje.

Ndipo nyapara wetu, Bwana Musyoka, Mkamba mmoja mpole anayevaa tai hata kwenye vumbi, akatoa sheria.

"Ukiona tobo, ni lako," alisema. "Sitauliza nani amelitoboa. Nitauliza nani ameliona."

Mnadhani watu walianza kuziba? Walianza kutoona.

Wallahi, wapakuzi walikuwa wanapita katikati ya magunia wakitazama dari kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Mmoja wetu, Charo, alijigonga kwenye nguzo akatoka nundu. Alipoambiwa atazame mbele akasema afadhali nundu.

Mimi nilishindwa. Bwana Musyoka akiniuliza "Umeliona?" siwezi kudanganya, naona haya. Basi nikawa nashona yangu na ya wengine. Mwanzo kwa uchungu. Halafu, sijui ilikuwaje, nikaanza kupenda. Jioni unapita, unaona magunia yamesimama wima, hayavuji, na unajua pale palipita mkono wako. Hakuna ajuaye ila wewe. Kwa mtu wa haya hakuna sifa tamu kama hiyo.

Tatizo ni kwamba macho yakishazoea kuona, hayajui kuwa saa za kazi zimeisha.

Nyumbani naishi na nyanya. Chumba chake kiko chini, dirisha linatazama kichochoro, na chini ya dirisha ndipo ulipo mtaro. Mtaro huo umeziba miaka. Kila masika maji hupanda, yakaingia kwa nyanya bila hodi. Mwaka jana tulimwinulia kitanda kwa matofali, akawa analala juu kama dafu. Mwaka huu goti limekataa, hawezi kupanda wala kushuka. Ami yangu, mwanawe nyanya, anayekaa Kisauni, akakata shauri: maji yakiingia tena, anakuja na pikapu kumhamisha.

Nyanya akamjibu, "Nimezaliwa chumba hiki. Kisauni nitakwenda kuzuru, si kuvundikwa kama ndizi."

Na masika yalikuwa yanakaribia.

Basi Jumapili moja, baada ya alasiri, nikatoka na jembe, karai na mtaimbo. Sikumwambia mtu. Nikainama, nikaanza kuzoa.

Mkabala na sisi kuna Mzee Badi, ambaye hukaa barazani na kikombe cha kahawa toka asubuhi hadi isha.

"We kijana, wafanya nini hapo?"

Nikaona haya, nikanyamaza.

"Umetumwa na kaunti?"

Nikazoa karai jingine.

"Walipwa?"

Nikatikisa kichwa, la.

Mzee Badi akaweka kikombe chini. Wakuu, Mzee Badi kuweka kikombe chini ni jambo zito.

"Hukutumwa, hulipwi, na wazoa taka za watu," akasema. "Basi wewe wataka kura."

Hapo ningesema neno moja tu, mambo yangeisha. Lakini watu walikuwa wameshajaa barazani, na mimi mbele za watu ulimi hugeuka jiwe. Nikaendelea kuzoa.

"Mwamuona?" Mzee Badi akawaambia wenzake. "Hakani. Huyu mjanja huyu. Mwanasiasa wa kweli hakani mapema."

Kufika magharibi nilikuwa mgombea.

Kassim, yule rafiki yangu wa kinyozi, ni dereva wa tuktuk. Akajiteua meneja wa kampeni. Nikamvuta pembeni.

"Kassim, mimi sigombei chochote."

"Najua," akasema. "Lakini usiseme kwa sauti, tutapoteza wafuasi."

Akatengeneza mabango. Picha aliitoa kwenye harusi ya dada yangu: nimefumba macho, nimeshika sahani ya pilau. Chini yake akaandika yale maneno ya Bwana Musyoka niliyomsimulia, UKIONA, NI LAKO. Akabandika Mji wa Kale wote hadi Makupa.

Watu wakauliza maana yake. Kassim akawaeleza: atakayeuona mtaro, mtaro ni wake, atoke na jembe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuona tena.

Wanawake wakawa wanapita wamevuta buibui upande mmoja wa uso, upande wa mtaro. Watoto waliokuwa wakicheza hapo wakaitwa ndani. Mzee Badi na wenzake wote wakageuka, wakawa wanakunywa kahawa wakitazama ukuta. Ukipita unasalimia migongo, nayo inakuitikia.

Upande wa pili wageni wakaanza kuja nyumbani kuomba. Mimi nikisikia hodi nakimbilia uani. Nyanya hawezi kukimbia, na kusema kweli hakutaka. Aliwapokea pale pale kitandani amejitanda leso mpya. Bi Rukia, jirani yetu, akataka taa kichochoroni. "Utapata." Vijana kutoka Buxton wakataka jezi za mpira. "Mtapata." Akaja bwana mmoja, hata simjui, akataka daraja la Likoni, la kuvukia bahari. "Utapata, mwanangu, kunywa chai."

"Nyanya," nikamwambia, "daraja mimi nitalitoa wapi?"

"Kwani wenzako hulitoa wapi? Wao huahidi tu."

Ngojeni kidogo, simu yataka chaji.

Nimerudi.

Sasa, mgombea wa kweli alikuwapo. Nitamwita Mheshimiwa, ingawa hajawahi kushinda. Ndilo jina alipendalo. Alisikia kuna kijana anamharibia, akaja na watu wake, akatazama mtaro, akasema huu ni mradi mzuri sana na yeye atauzindua rasmi. Mpaka siku hiyo asiuguse mtu. Wakafunga utepe. Wakaweka vijana wawili kulinda.

Wakuu, walilinda taka! Mimi nilitoka na jembe langu, mmoja akanizuia.

"Rudi nyuma bro, huu ni mradi."

"Nataka kutoa taka tu."

"Taka zitatoka siku ya uzinduzi. Zikitoka leo, Mheshimiwa atazindua nini?"

Nikarudisha jembe ndani. Swali lile nalifikiria mpaka leo.

Na mawingu yakawa yanajazana. Nyanya alikuwa akiyatazama dirishani, halafu anatazama viatu vyake chini ya kitanda, halafu anajifanya hakutazama.

Kazini nako bango likafika. Bwana Musyoka akaniita, bango liko mezani. Nikajua kazi imekwisha.

"Hii sheria ni ya godauni," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Huko kwenu umeona tobo?"

"Nimeliona."

"Umeliziba?"

"Bado, bwana. Watu wameliwekea ulinzi."

Akakaza tai yake. "Tobo kulindwa hakulifanyi kuwa la walinzi. Bado ni lako. Nenda."

Siku ya uzinduzi ikafika. Hema likapigwa juu ya mtaro wenyewe, viti vikapangwa, maiki ikajaribiwa mpaka paka wote wakahama. Ami yangu naye akaja na pikapu kutoka Kisauni, maana redio ilikuwa imetangaza mvua.

Mheshimiwa aliposema "kwa hayo machache," mvua ikaanza. Naye akaendelea kusema.

Maji yakapanda. Hakuna aliyetazama chini, maana aonaye ndiye mwenyewe. Watu wakainua miguu polepole, wakaiweka kwenye vyuma vya viti, macho mbele, wakisikiliza kwa makini. Viti vitupu vikaanza kuelea na hakuna aliyeona kitu.

Halafu kikapita kiatu. Cha plastiki, cha kijani, cha kulia. Kikapita katikati ya wageni waalikwa kama mgeni rasmi.

Kilikuwa cha nyanya. Maana yake maji yameshaingia chumbani. Nikageuka, nikamuona ami chumbani kwa nyanya ameanza kukunja mikeka.

Wakati ule ule Mheshimiwa akanipa maiki. "Sasa kijana wetu atasema neno la kujiondoa na kuniunga mkono."

Nikasimama. Mtaa mzima unanitazama. Ningekuwa kwa kinyozi ningekaa.

"Kiatu kile ni cha nyanya," nikasema. "Nimekiona."

Basi. Hilo tu ndilo lililotoka. Nikaiweka maiki kitini, nikapita chini ya utepe, nikaingia mtaroni. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni kauli mbiu.

Nikashika kitu cha kwanza, godoro. Nikavuta. Halikutikisika. Nikavuta tena, nikaanguka, nalo likabaki pale pale.

Dirisha likafunguliwa. Nyanya alikuwa amesimama kwa goti lile lile, ameshika nondo za dirisha.

"Badi! Godoro hilo si la harusi yako ya pili?"

Migongo yote barazani ikakauka.

"Na wewe Rukia, si mapazia yako hayo ya Idi? Kassim, tairi za tuktuk hizo ni za nani? Mimi nimekaa dirishani hapa umri wangu wote. Nimeona kila mlichotupa. Na kama aonaye ndiye mwenyewe, basi vyote vyangu. Haya, njooni mnibebe, mniingize mtaroni nikatoe mali yangu."

Na hakuwa akifanya mzaha. Alishaanza kujifunga leso kiunoni.

Mzee Badi akageuka kutoka ukutani. "Bi Mwanaisha, kaa ndani, wataka kutuvunjia heshima?"

"Heshima ipi, Badi? Si hiyo imeziba mtaroni?"

Mzee Badi akaweka kikombe chini. Akapandisha kanzu, akaingia.

Baada yake wakaingia wote. Bi Rukia na mapazia yake, Kassim na tairi zake, hata wale walinzi wawili, ambao walisema wanalinda kwa karibu zaidi. Kila mtu alivuta chake kimya kimya kama mtu anayechukua nguo zake kwa dobi.

Mwisho kabisa, chini, kulikuwa na turubai. Hilo lilikuwa halina mwenyewe. Tulilivuta kwa pamoja, Mzee Badi akihesabu kama mabaharia, na lilipotoka likakunjuka mbele ya hema lote.

Lilikuwa bango la uchaguzi uliopita. Mheshimiwa, uso mzima, anacheka.

Kisha mtaro ukakoroma, ukacheua kama mtu aliyeshiba biriani, na maji yakaanza kuondoka. Tuliyasikia yakienda chini ya nyumba, mbali, upande wa bahari.

Mheshimiwa akaitazama picha yake. Akatutazama sisi, tope hadi vifuani. Akachukua maiki.

"Sasa natangaza," akasema, "kwamba mtaro huu umezinduliwa rasmi."

Tukampigia makofi. Tufanyeje.

Ami alikuwa amesimama kando ya pikapu, mikeka mabegani, hajui apakie au apakue. Nyanya akamwambia kutoka dirishani, "Maji yametoka, nami sitoki. Lakini gari isirudi bure. Pakia godoro la Badi."

Pikapu iliyokuja kumchukua nyanya iliondoka na taka za mtaa mzima, isipokuwa turubai. Hilo tuliliosha, tukalitundika juu ya dirisha la nyanya kukinga mvua. Linakinga vizuri sana. Mheshimiwa naye ametoa mchango wake.

Wakuu, somo langu ni dogo. Wengi tunangoja tupewe cheo, au tujue kwanza ni kazi ya nani, ndipo tutie mkono. Mimi sikuwa shujaa, nilishindwa tu kudanganya kwamba sikuona. Lakini nimegundua kitu. Ukichangia peke yako watu watakushuku, watakupa na uheshimiwa usioutaka. Usiache. Siku moja kiatu cha mtu kitapita, na kila mmoja atakumbuka godoro lake liko wapi.

Siku hizi Mzee Badi anakunywa kahawa akitazama mtaro. Mtoto akitupa ganda la ndizi, kikombe kinakwenda chini. Kazini Charo ameomba shazia yake mwenyewe. Na mimi bado sigombei, ingawa nikisema hivyo watu hukonyezana.

Sasa niandikieni. Niambieni kazini kwenu au mtaani kwenu kuna tobo gani, na nani amegeukia ukuta. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote, tena namsomea nyanya kwa sauti. Kila asubuhi huniuliza kama mmejibu. Msichelewe, maana ameshaanza kuwapangia madaraja.