Wimbo wa Kukamulia

Solvej Brandhøj alitunga muziki wake katika banda lililokuwa la ndama, kisiwani Mors, Denmark, na majirani walimpenda bila kumwelewa. Kazi zake zilipigwa Kopenhagen, hata Berlin, na watu waliovaa nyeusi tupu. Kijijini alikuwa Solvej wa piano tu, mjane wa viatu vya mpira, anayeweza kusimama katikati ya njia akisikiliza waya wa uzio ukivuma kwa upepo.

Mwaka mmoja walikodi basi wakaenda kumsikiliza mjini. Wakati wa kurudi, Verner, mfuga nguruwe, alimwinamia sikioni. "Unisamehe, dada. Nilidhani bado wanakaza nyuzi. Kumbe ndiyo imeisha!"

Solvej alicheka hadi akatokwa machozi. Lakini neno lililomkaa moyoni lilitoka kwa Thyra, jirani wa ng'ambo ya uzio, aliyemletea supu ya madonge ya nyama majira yote ya baridi Solvej alipofiwa na mumewe. "Muziki wako mkubwa, mwenzangu," alisema Thyra. "Ila nitungie kamoja nikaimbe nikikamua."

Miaka ikapita hajaweza. Kila alipojaribu, wimbo ulimtoka mgumu kama mkate wa juzi. Ng'ombe wa Thyra wakauzwa, nywele zikamwisha weusi, na ndoa yake na Aksel ikakaribia kutimiza miaka hamsini. Solvej akaona, asipoutoa sasa hatautoa tena.

Siku kama hiyo majirani husimamisha lango la matawi ya misonobari mlangoni, na alfajiri huwaamsha maharusi kwa wimbo. Maneno huwa mapya, ya utani. Lahani huwa ya zamani, iliyozoeleka. Solvej aliomba safari hii hata lahani iwe mpya, yake.

"Mungu wangu," alisema Verner. "Tutahitaji ramani?"

Walijifunzia kwenye banda la matrekta. Lahani ilikuwa nyepesi, ikipanda na kushuka kama mikono kwenye kiwele. Ila katikati ya kila ubeti aliweka kimya kirefu, pale mkamuaji anapohamia ng'ombe mwingine. Walipofika hapo, kwa mazoea ya maisha yao yote ya kufunga wimbo wa sherehe kwa shangwe, wakapaza sauti pamoja: "Huraa! Huraa! Huraa!" Kisha ile moja ndefu ya kumalizia.

"Jamani! Hapo ni kimya."

"Kimya cha nini? Kuna aliyekufa?"

"Nyamazeni, msikilize."

"Tusikilize nini, nguruwe wangu?"

"Ndiyo, hata nguruwe wako."

Wakarudia, na huraa ikarudi. Verner akafuta jasho. "Sikia, Solvej. Pengo katika wimbo wa harusi ni kama glasi tupu mezani. Mtu wa hapa haliachi hivihivi."

"Basi imbeni lahani ya zamani," alisema Solvej, akaanza kukusanya karatasi zake.

Verner alivua kofia. "La. Tutanyamaza. Ila ukiniona nimevimba shingo, ujue ndiyo hiyo huraa."

Asubuhi ya siku yenyewe ukungu ulilala mashambani. Waliimba mbele ya lango, na dirisha la juu likafunguka: Thyra na gauni la kulalia, Aksel nyuma yake bila meno. Wimbo ukafika kwenye kimya. Hakuna aliyepumua. Shingo ya Verner ikawa nyekundu. Solvej, mkono juu, alisikia umande ukidondoka kutoka kwenye matawi, na ndege mmoja mbali juu ya shayiri.

Thyra akadhani wameshamaliza na wamesahau heshima. Akatupa mikono hewani. "Huraa! Huraa! Huraa!" Na Aksel akaivuta ile ndefu hadi akakohoa.

Wote wakamgeukia Solvej. Yeye alikuwa akimtazama Thyra, jinsi alivyojaa dirishani, mdomo ungali wazi. Akaanzisha ubeti wa pili. Walipokaribia pengo, Verner alimkodolea macho kama mbwa kwenye mlango wa jikoni. Solvej akainua mikono yote miwili, na katika huraa ile ndefu, yake ndiyo iliyochelewa kuisha.

Baadaye, mezani, kahawa ikimiminwa, Thyra alipaka siagi kwenye mkate huku akiimba puani. Lahani alikwisha kuishika. Mkono wake mtupu ulifumba na kufumbua juu ya kitambaa cha meza, ukikamua. Alipofika kwenye pengo alisita, akamtupia Solvej jicho, kisha akanong'ona, "Huraa."

"Huraa," Solvej akamjibu, akamsogezea jamu.